Miaka yangu ya hisa Kisumu, na leseni isiyokuwa yangu

Tangu niache kazi ya hisa, kuna swali ambalo halijaniacha: "Dada, si wewe una leseni? Nisaidie kuwekeza." Huulizwa matangani, huulizwa Kibuye nikichagua mboga, huulizwa nje ya kanisa watu wakisalimiana baada ya ibada. Wanaouliza ni watu wazima wenye akili zao: walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa samaki. Nikiwajibu kwamba sina leseni, na kwamba hata nilipokuwa kazini leseni haikuwa yangu, wengine hudhani nawanyima msaada. Ndiyo maana nimeamua kueleza yote: nilivyoingia, nilichosomea, nilivyotoka, na kilichobaki mkononi mwangu. Watu wengi wa pande zetu wamepoteza pesa kwa kumwamini mtu aliyewahi kuruhusiwa wakidhani bado anaruhusiwa.

Niliingia mwishoni mwa 2004. Ofisi ilikuwa chumba kimoja ghorofani, hatua chache kutoka Oginga Odinga Street, na chini yake kulikuwa na duka la vitambaa. Mwajiri wangu alikuwa wakala wa kampuni ya udalali wa hisa yenye makao Nairobi. Soko la hisa la Nairobi ni la tangu 1954, na mwananchi haingii sokoni mwenyewe kununua. Hupitia kwa dalali aliyepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, chombo kilichoundwa kwa sheria ya 1989. Dalali mwenye wateja wa mbali huteua wakala, na wakala ndiye aliyeniajiri mimi nijaze fomu, nipokee maagizo ya kununua na kuuza, niyatume Nairobi, kisha nimletee mteja karatasi ya kuthibitisha. Baina yangu na leseni palikuwa na ngazi mbili. Ukutani tulitundika nakala ya leseni ya kampuni ndani ya fremu. Wateja walikuwa wakiitazama, halafu wananitazama mimi, na naamini wengi waliondoka wakidhani kwamba jina lililoandikwa pale ni langu.

Mwezi nilioingia, Novemba 2004, ndipo hifadhi ya kielektroniki ya hisa, tunayoiita CDS, ilipoanza kazi. Kabla ya hapo hisa zilikuwa karatasi. Ukinunua, unapewa cheti. Ukiuza, unarudisha cheti. Kikiliwa na mchwa, kazi unayo. Sasa vyeti vyote vilipaswa kukusanywa na kuingizwa kwenye akaunti, na miezi yangu ya kwanza yote ilikuwa hiyo. Hakuna shule iliyonifundisha biashara hii kuliko vile vyeti.

Namkumbuka mzee mmoja aliyestaafu reli. Alileta bahasha ya kaki yenye vyeti vya kampuni tatu, vimekunjwa mpaka mikunjo imeanza kukatika. Jina lake la Kijaluo lilikuwa limeandikwa kwa tahajia tatu tofauti: moja kwenye kitambulisho, mbili kwenye vyeti. Cheti kimoja kilimtaja kwa jina la ubatizo na la babake tu, jina la kuzaliwa limeachwa. Sahihi aliyotia ujana wake ilikuwa na mikia mirefu chini. Nilipompa fomu atie sahihi mbele yangu, mkono ulitetemeka, na kilichotoka hakikufanana na chochote kilichokuwa mezani.

"Mzee," nikamwambia, "Nairobi watairudisha hii. Sahihi hazifanani."

"Nyathina, mwanangu, mkono ndio umezeeka. Mwenye mkono ni yule yule."

Tukaenda kwa wakili, mzee akaapa hati ya kiapo kwamba majina yote matatu ni yake, picha zikabandikwa, nakala za kitambulisho zikapigwa muhuri. Fomu ilirudishwa mara ya kwanza hata hivyo. Ya pili ikapita. Tulipompa taarifa ya akaunti yenye jina lake moja, sawasawa na la kitambulisho, aliisoma yote kuanzia juu hadi chini, pamoja na maandishi madogo ya mwisho ambayo hakuna mteja mwingine niliyewahi kumwona akiyasoma. Kwake nilijifunza kwamba katika kazi hii mtu ni yule ambaye karatasi inasema ni yeye, kwa tarehe ambayo karatasi inasema. Yapo mengine mengi ya kumjua mtu, wema wake, ukoo wake, lakini soko haliyaoni.

Halafu ikaja 2006. Serikali iliuza asilimia 30 ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, kwa shilingi 11.90 kila hisa, na maombi yakapita kiasi kilichokuwepo zaidi ya mara tatu. Kisumu watu walikuwa na sababu yao ya ziada. Mradi wa KenGen wa umeme wa maji, Sondu Miriu, ulikuwa unajengwa hapo hapo kwetu, na nilisikia zaidi ya mteja mmoja akisema ananunua maji ya mto wao wenyewe. Hisa zilipoanza kuuzwa sokoni, bei ikapita mara mbili ya ile ya kwanza. Mwaka ule ule, Eveready yenye kiwanda cha betri Nakuru ikauza hisa kwa shilingi 9.50, na binamu zangu wa Nakuru walioshinda wakipita mbele ya kiwanda kile wakaniagiza fomu. Kiwanda kilifungwa 2014. Lakini 2006 hakuna aliyetaka kusikia kwamba hisa hushuka. Ukimwambia mtu hivyo, anakutazama kana kwamba unamwonea wivu.

Ya Safaricom, kampuni ya simu, 2008, lazima niikalie kidogo, kwa sababu ndiyo iliyoleta watu wengi wa magharibi sokoni, na ndiyo iliyowatoa wengi wasirudi tena.

Kumbukeni Kisumu ilivyokuwa mwanzo wa mwaka ule. Vurugu za baada ya uchaguzi zilikuwa zimeunguza maduka katikati ya mji, mengine yalikuwa bado kuta tupu zenye masizi. Upande wa kisiasa, chama cha ODM kilikuwa kimepinga mauzo hayo na kudai maelezo kuhusu mmiliki mmoja asiyejulikana vizuri ndani ya kampuni. Mwisho wa Machi mauzo yakafunguliwa. Hisa bilioni 10, shilingi 5 kila moja, na kiwango cha chini kabisa cha kuomba ni hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Foleni ilianza ngazini, ikashuka, ikapita mbele ya duka la vitambaa, ikakunja kona. Watu ambao miezi miwili nyuma walikuwa hawatoki nyumbani kwa hofu walisimama pamoja kutwa nzima wakiwa na picha za pasipoti mkononi.

Kilichonitia wasiwasi ni pesa zilikotoka. Benki zilikuwa zinakopesha watu wanunue hisa, na mkopo ulipatikana upesi kuliko mkopo wa mbegu. Niliwauliza waliokuja na hundi za benki: ukipata kidogo kuliko ulichoomba, riba utailipa na nini? Wengi walinijibu kwamba watauza siku ya kwanza na kubaki na faida. Walioomba hisa walipita laki nane nchini. Wananchi wa kawaida waligawiwa asilimia 21 ya walichoomba, kwa hiyo aliyeomba hisa 2,000 alipata 420, zenye thamani ya shilingi 2,100. Zilizobaki, shilingi 7,900, zilipaswa kurudishwa, na marejesho yalichelewa huku riba ikitembea. Tarehe 9 Juni hisa zikaanza kuuzwa, bei ikapanda juu ya 7. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshuka chini ya 5, na mapema 2009 ilikuwa chini ya 3.

Kila asubuhi kulikuwa na mtu mlangoni. Sitasahau mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mpole, aliyeketi mbele yangu na karatasi ya benki upande mmoja na karatasi ya CDS upande mwingine, akijumlisha kwa penseli. Hakunilaumu. Aliniomba tu nimwonyeshe mahali alipokosea hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Alikuwa amekopa elfu mia moja akapata hisa za elfu ishirini na moja. Nilimweleza, nikamrudia, na tulipomaliza akauliza kama hisa zenyewe bado ni zake. Ni zake, nikamwambia, na mgao wa faida ukitangazwa utakuja kwa jina lako. Alizihifadhi. Waliozihifadhi mpaka leo hawajuti, lakini sitatumia jambo hilo kuwatetea waliowakopesha.

Wakati huo huo kulikuwa na msiba mwingine, mkubwa kuliko bei. Mwaka 2007 dalali mmoja wa Nairobi alianguka. Mwaka 2008 mwingine, mkubwa zaidi, akawekwa chini ya msimamizi na Mamlaka. Wateja waligundua hisa zao zimeuzwa bila wao kuagiza. Haikuwa kampuni yetu, lakini wateja wake wa Kisumu hawakuwa na mlango mwingine wa kugonga, kwa hiyo waligonga wetu. Upo mfuko wa kuwafidia wawekezaji, na ukomo wake wakati huo ulikuwa shilingi 50,000 kwa kila mtu. Aliyekuwa na hisa za laki tano alisikia kiasi hicho akanyamaza. Mama mmoja aliinua kidole akaonyesha fremu yetu ukutani: "Na hawa pia si walikuwa na hiyo?"

Walikuwa nayo. Ndilo jambo ninalotaka lieleweke bila kuremba. Leseni haimzuii mtu kuiba. Inachofanya ni kumweka mahali anapoonekana: mtaji wake unakaguliwa, hesabu zake zinawasilishwa, na akiharibu kuna mlango wa kupeleka lalama na mfuko wa kufidia, hata kama ni mdogo. Asiye na leseni akikimbia na pesa yako, unabaki na namba ya simu isiyopokelewa. Baada ya mwaka ule nilianza kumwambia kila mteja asitegemee karatasi yangu. Omba taarifa ya akaunti yako kutoka CDS yenyewe, linganisha na yetu, na usitie sahihi fomu ya kuuza ikiwa tupu, hata nikikuomba mimi. Mwajiri wangu hakufurahia sana maneno hayo mwanzoni. Baadaye aliyaweka kwenye karatasi akayabandika mlangoni.

Hapo ndipo nilipoamua kusoma. Nchini kwetu mitihani ya wachambuzi wa uwekezaji na fedha hutungwa na KASNEB, na mwenye kuimaliza huitwa kwa kifupi CIFA. Nilisoma jioni baada ya kazi, na stima ikipotea nilisoma kwa taa. Miaka iliyofuata Mamlaka ilishirikiana na taasisi ya Uingereza ya CISI kuleta vyeti vya watu wa masoko ya mitaji, na mwaka 2015 Bunge likapitisha sheria ya kusimamia taaluma ya wachambuzi. Mambo yakaanza kuwa na sura. Ila cheti na leseni ni vitu viwili, na nimewaona vijana wenye CIFA wakivichanganya kama wateja wanavyovichanganya. Cheti ni changu. Nilikifanyia mtihani, hakuna atakayekichukua. Leseni ni ruhusa ya kushika pesa za watu, na ya udalali hupewa kampuni. Kampuni hiyo sharti iwe na mtaji wa mamilioni. Kwa dalali ni shilingi milioni 50. Wakurugenzi na wakuu wake hupimwa kama wanafaa: elimu yao, uzoefu wao, kama wamewahi kufilisika, sifa yao ya uaminifu, namna walivyoendesha kazi nyingine zilizohitaji leseni. Mtu mwenye akili nyingi na kompyuta moja hapo Kondele hawezi kuwa dalali, hata awe na vyeti vya kujaza ukuta.

Niliacha 2016. Maagizo yalikuwa yamehamia kwenye simu na kompyuta, wateja vijana hawakuhitaji kupanda ngazi zetu, na kampuni ikaona haina haja ya wakala Kisumu. Sikugombana na mtu. Nilikabidhi vitabu vya risiti, fomu zilizosalia zikiwa zimehesabiwa, muhuri, kadi ya kazi. Kisha niliomba kitu ambacho mwajiri alikiona cha ajabu: barua inayosema kuanzia tarehe fulani siwakilishi tena kampuni, sipokei maagizo, sipokei pesa. Niliomba pia wateja wote waandikiwe. Wengi waliandikiwa. Barua yangu ninayo kwenye faili pamoja na vyeti vyangu, na nimeitoa kuwaonyesha watu mara nyingi kuliko nilivyotoa hivyo vyeti. Namshauri kila anayetoka katika kazi hii aiombe. Dereva aliyeacha matatu bado anaijua barabara ya Busia kona kwa kona, lakini abiria akipanda gari lake la nyumbani na kulipa nauli, hakuna bima inayomjua abiria huyo. Barua ile ndiyo inayowaambia watu wasipande.

Hawakuacha kupanda, au kutaka kupanda. Wakulima wa miwa niliowahudumia Mumias na Butere waliendelea kunipigia. Kampuni ya sukari ya Mumias iliingia sokoni 2001, na kwa wengi wao ndiyo hisa ya kwanza na ya mwisho kununua, kwa kuwa waliijua kwa ndani: walipeleka miwa pale, walilipwa pale. Septemba 2019 kampuni iliwekwa chini ya meneja mpokezi, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa na madeni, na uuzaji wa hisa zake ukasimamishwa sokoni. Simu zikaja: "Tuuze sasa?" Hakukuwa na pa kuuzia. Nilichoweza kufanya ni kueleza, na kueleza si kosa. Hisa bado ziko kwenye akaunti yako, hazijachukuliwa na mtu, lakini soko lake limefungwa, na atakayekujia akisema ana njia ya kukuuzia kwa ada ndogo mwambie alete leseni. Wajane walikuwa na shida zaidi, kwa sababu mume alifariki na hisa zikabaki kwa jina lake, na bila hati ya mahakama ya kusimamia mirathi hakuna kinachosogea. Hilo nililisema kila mahali nilipokaribishwa, hata kwenye mikutano ya akina mama isiyohusu pesa.

Kisa kilichonifanya niyaweke haya yote kwenye maandishi kilitokea katika chama chetu cha akiba. Tulipata mwanachama mpya, mtu wa nyumbani aliyeishi Chicago miaka mingi akarudi. Alijitambulisha kuwa alikuwa mtaalamu wa hisa huko, mwenye leseni. Alikuwa na ufasaha na adabu, na hakuwa na majivuno. Alipendekeza kila mtu atoe shilingi 20,000, azikusanye kwenye akaunti yake ya Marekani na kutununulia hisa za kampuni kubwa za huko. Watu walishaanza kuhesabu.

Nikamwomba namba yake ya usajili. Nilijua ipo, kwa sababu Marekani wana jambo ambalo natamani tungekuwa nalo. Chombo kinachosimamia madalali huko, FINRA, kina kumbukumbu ya wazi iitwayo BrokerCheck. Andika jina au namba, utaona kampuni alizofanyia mtu, miaka yake, mitihani aliyofaulu, na malalamiko au adhabu kama zipo. Akiacha kazi, kumbukumbu hiyo haifutwi mara moja. Huendelea kuonekana kwa miaka 10. Mtihani wao mkubwa, Series 7, una maswali 125 na alama ya kufaulu ni 72 kwa mia, na huwezi kujipeleka mwenyewe, sharti kampuni ikudhamini. Siku ukitoka, kampuni ina siku 30 za kujaza fomu iitwayo U5 na kueleza sababu ya wewe kutoka. Ukikaa miaka miwili bila kusajiliwa mahali, mtihani wenyewe huisha nguvu, ingawa tangu 2022 upo mpango wa kusoma kila mwaka unaoweza kuurefusha hadi miaka mitano.

Alinipa namba bila kusita, nami nikamheshimu kwa hilo. Tukafungua kwenye simu ya katibu, simu ikazunguka mkono kwa mkono. Jina lilikuwepo. Kampuni mbili, mitihani aliyoitaja, hakuna lalama hata moja. Na usajili wake ulikwisha 2011.

Watu wakapiga makofi. Walisoma jina wakaona inatosha.

"Naomba tusome na mwaka," nikasema.

Akanigeukia. "Dada, unamaanisha mimi ni tapeli?"

"Hapana, kaka. Rekodi yako ni safi na watu wamejionea. Lakini inasema ulimaliza 2011. Na hata ingekuwa hai leo, hiyo ni ruhusa ya Marekani. Pesa za watu hapa zinakusanywa na aliyeruhusiwa hapa. Mimi nina CIFA na nimefanya kazi hii Kisumu zaidi ya miaka kumi, na siruhusiwi kupokea hata elfu moja ya mama huyu hapa."

Nikatoa barua yangu. Waliisoma nayo, ikazunguka kama simu ilivyozunguka. Mwenyekiti akauliza basi tufanye nini, na jibu halikuwa gumu: orodha ya kampuni zenye leseni ipo kwenye tovuti ya Mamlaka, tuchague hapo, na kaka yetu atufundishe kusoma hesabu za kampuni, kazi anayoiweza kuliko mtu yeyote pale chumbani. Alikubali, si siku ile, lakini mkutano uliofuata alikuja na taarifa ya mwaka ya kampuni moja ya Nairobi, imepigwa mistari ya kalamu nyekundu. Mtu huyu hakuwa na nia mbaya. Nadhani alikuwa kama wateja wangu wa zamani walipotazama fremu: alijua mwenyewe kwamba anaijua kazi, akadhani kuijua kunatosha. Matapeli tunawaogopa na tunafanya vyema, lakini pesa nyingi nilizoziona zikipotea zilianza na mtu mwema mwenye rekodi ya zamani, bila mtu wa kumkagua.

Wiki chache baadaye mama mmoja anayeuza mbuta alikuja kwangu nyumbani na laki moja na nusu ndani ya leso, noti zikiwa na harufu ya soko. "Mimi wale wa Nairobi siwajui," akasema. "Nakujua wewe. Shika." Ni jambo zito kumrudishia mtu imani yake mkononi. Niliandaa chai kwanza. Kisha nikampeleka tawi la Benki Kuu hapa Kisumu, ambako mwananchi aliweza kufungua akaunti na kununua hatifungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali kwa riba, moja kwa moja bila dalali, kuanzia shilingi 50,000. Maswali yote aliyauliza mwenyewe dirishani, nami nikakaa kwenye benchi. Aliulizwa kitambulisho, akaunti ya benki, picha. Jina lake lilikuwa limeandikwa vizuri kote, nikamshukuru Mungu.

Ninachokitaka sasa nimekisema kwa kila mtu wa Mamlaka niliyepata nafasi ya kukutana naye, na nitaendelea kukisema. Orodha ya kampuni zenye leseni tunayo. Tuwekewe na ya watu: kila wakala na kila mfanyakazi anayepokea maagizo ya wateja, Kisumu, Kakamega, Nakuru, Busia, jina lake, kampuni anayoiwakilisha, tarehe aliyoanza na tarehe aliyokoma, isomeke kwa simu ya kawaida na kwa Kiswahili, na nakala ibandikwe Huduma Centre za kaunti. Isifute walioacha. Jina langu liwemo humo, na mbele yake 2016.